Neno Mutoto Yangu Alimeza

Bamama benzangu, mimi sikusoma sana. Nilifika darasa ya tatu ku bamasista, kiisha baba akasema inatosha, na kalamu ikaniacha miaka mingi. Naandika sababu mama moja wa kanisa yetu amepewa ile dawa nilikuwa namezaka. Alinifuata pa mulango kiisha misa, akaniuliza kama mimi pia ilinichoma mu shingo. Nikamujibu ndiyo. Kiisha nikamuuliza: "Na damu?" Akaangalia viatu yake. Njo pale niliona nitaandika, na nitaandika yote, hata yenye inaleta haya, sababu haya ilitaka kuniua.

Ugonjwa yangu ilianza na kintu kigumu mu ziwa ya kushoto. Nilikigusa wakati ya kuoga, mwanzo wa baridi, wakati mavumbi inaingia hata mu sukari. Balinikata mbele ya mvula ya kwanza. Juu ya kukatwa sitasema mingi. Unalala, unaamuka, upande moja iko bapa sawa kifua ya mutoto mwanaume. Kiisha ikakuya dawa ya mu mishipa. Nywele ikaanguka, kucha ikawa nyeusi, na kinywa yangu ilikuwa sawa nalamba shaba. Nikamaliza ile wakati ya maembe. Nikaambia Mungu aksanti, nikafikiri nimemaliza yote.

Munganga akasema bado. Kuko dawa ingine, ya kumeza, kidonge moja kila siku, miaka tano.

Sasa musikilize muzuri, sababu yote yenye niliumia nayo ilianzia mu kile chumba. Yule munganga alitokea Kinshasa, Kiswahili yake ilikuwa ya kusalimia tu. Mimi Kifaransa yangu ni ya ku soko. Kati yetu aliikala Ngoy, mutoto yangu wa kwanza. Ngoy anafundisha ku sekondari. Alisoma ku Kasapa, ku iniversite, na mimi nilikuwa nauzisha makala ya kupikia ili asome. Bantu bananiitaka Mama Ngoy, jina yangu ya ubatizo karibu iliisha kusahauliwa. Kwa hiyo musione kama nasema juu ya mutoto mubaya. Ni mutoto mwenye nilitumainia kupita bote.

Munganga akasema. Alisema murefu. Akachukua kalamu yake, akanionyesha kifua, kiisha mifupa ya mukono, kiisha akashuka na ile kalamu mpaka huku chini ya kitovu, akasema pale pia murefu. Ngoy akakohoa. Kiisha akanigeukia.

"Mama, anasema utasikia moto kidogo. Na usiache kumeza."

"Njo yote?"

"Njo yote, Mama."

Nikafikiri labda Kifaransa iko na maneno mingi ya bure.

Moto kidogo! Ilikuwa inaanza mu kifua, inapanda mu shingo, inafika mu masikio, na jasho inatoka sawa umenimwangia ndoo. Kiisha baridi inanikamata, natafuta kikwembe ya kujifunika. Mu misa nilikuwa napepea na kitabu ya nyimbo mpaka padri ananiangalia. Honorine, mudogo yangu, alisema ni malaria, akaniletea dawa ya malaria. Nikamuambia malaria gani inakuya na kwenda mara mingi kwa siku moja sawa mugeni asiye na adabu?

"Basi, Yaya," akasema, njo vile anaitaka dada yake mukubwa, "ikala karibu ya chungu, tutaokoa makala."

Honorine njo vile. Hata mu matanga anachekesha maiti.

Miguu ikaanza kukamatwa na misuli. Nilikuwa nalia juu ya kintu ya bure, sahani imevunjika, nalia. Ngozi ikakauka. Mu kile chumba ya kungojea ku lopitalo niliikala karibu ya mama moja wa upande ya Kinsevere, naye alikuwa anameza ile ile. Alikuwa anakuya na chupa ya mayi imeganda barafu, ameifunga mu kitambaa. Anaiweka ku shingo yake, kiisha bila kusema kintu ananipitishia, naweka ku yangu. Tuliikala vile asubuhi mingi, benchi moja, chupa moja. Sijui hata jina yake ya familia. Ile chupa Mungu atamukumbuka nayo.

Yeye njo aliniambia kwa mara ya kwanza dawa inafanya kazi gani. Alisema ule ugonjwa yetu inakula homoni ya banamuke, na dawa inasimama pa mulango yake, inazuia chakula isiingie. Ugonjwa inafwa na njaa. Nikapenda ile. Nikasema bon, basi nitavumilia moto, mwenye kufwa na njaa apige kelele.

Damu ilikuya wakati bowa ya kwanza, uyoga ya pori, ilianza kuuzishwa ku barabara.

Mimi nilikuwa nimeachana na damu kitambo, bwana yangu angali mu kazi ya treni. Sasa niko kambo, bajukuu banafika mabega yangu, naona doa mu nguo. Nikafua. Ikakaa kimya, kiisha ikarudia. Nikafikiri hivi: dawa ni ya homoni, homoni ni mambo ya banamuke, basi imenirudisha nyuma. Nikakasirika na mwili yangu sawa unakasirikia muntu amevunja ahadi. Tulikuwa tumepatana, mimi na yeye, ile mambo imeisha.

Na ningeuliza nani? Binti sina, nilizaa banaume batupu. Honorine akijua, kesho soko yote inajua. Munganga nilikuwa namuona na macho yangu, lakini kinywa yake ilikuwa kinywa ya Ngoy. Na kwetu, mambo ya chini ya kikwembe, mama hasemi na mutoto mwanaume. Hata nguo yangu ya ndani sianikaka pa jua yeye akiwa mu lupango, pa kiwanja yetu. Ku kila kontrole, siku ya kurudia kupimwa, munganga alikuwa anauliza kintu, ananiangalia sana, na Ngoy ananiambia:

"Anauliza kama kuko shida."

"Muambie hapana shida."

Ikaendelea vile mvula yote.

Baridi ikarudi, na Clarisse, mutoto wa Ngoy, akapata muchumba. Bantu ya mwanaume bakasema batakuya kuleta mahari. Sasa niwaeleze kintu moja ya kwetu. Upande ya mama yangu, ku Babemba, mwanamuke mwenye iko mu damu haweke chumvi mu chungu ya bantu. Bengi ya leo banacheka ile. Sisi hatuchekake. Kwa hiyo mu kila kazi ya familia, ndoa ao matanga, banamuke banapika, kiisha banaita mwanamuke mwenye alimaliza damu aweke chumvi. Tangu dada yetu mukubwa alikufwa, ule mwanamuke ni mimi. Ni kazi ya mukono moja tu, lakini ni kiti yangu. Hata wakati nilikuwa bila nywele, balikuya kuniamusha ku mukeka, nikaweka chumvi.

Siku ile mu lupango ya Ngoy chungu ilikuwa nyingi, mbuzi, kuku, sombe, moshi kila upande. Na mimi asubuhi ile ile niliona damu.

"Kambo, chumvi!" bakaita.

Sikusimama. "Honorine ataweka," nikasema, sababu naye alimaliza damu.

Banamuke bote bakageuka. Mupishi moja akabaki na mwiko juu.

"Yaya anakatala chumvi?" Honorine akasema. "Mbona? Ao umepata bwana mupya, unataka kuzaa?"

Bakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu. Honorine akaweka chumvi, na sababu alikuwa hajazoea, akaweka ya kuua. Bakwe bakakula kwa adabu, kiisha bakakunywa mayi mpaka jioni. Baba ya kijana aliuliza kama mu hii familia tunafugaka samaki ya bahari.

Muntu moja tu hakucheka. Mama Clarisse, bibi ya Ngoy. Alikuwa ananiangalia tangu ku zile chungu.

Ku kesho yake akakuya kwangu, akaikala pa kizingiti. Mukwe na mama ya bwana yake, bengine banaheshimiana mpaka hata chakula habakulake sahani moja. Akaanza kukunja pembe ya kikwembe yake.

"Mama, mimi sikutoka mu tumbo yako. Labda njo sababu naweza kukuuliza."

"Uliza."

"Iko damu?"

Nikavuta kikwembe yangu juu ya magoti. Akajua.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu bowa ya kwanza."

"Na sasa ni baridi!" Akasimama. "Vaa. Tunaenda ku lopitalo. Ngoy iko ku masomo, hatutamungoja."

Ku lopitalo siku ile kulikuwa enfirmie, muuguzi, mama munene, mutoto wa hapa hapa Lubumbashi. Alisimama kati yangu na munganga. Mama Clarisse akasema ile neno kwa Kiswahili, mama enfirmie akaisema kwa Kifaransa, na munganga akaweka kalamu chini. Akasema maneno machache na uso imebadilika.

Enfirmie akanigeukia. "Anauliza mbona hukumuambia. Anasema siku ya kwanza alieleza: damu ikitoka, hata kidogo, ukuye siku ile ile. Na kila kontrole alikuuliza kama kuko damu. Kila mara ulijibu hapana."

"Aliniuliza kama kuko shida," nikasema.

"Hapana, Mama. Ku karatasi yake ameandika damu. Kila mara."

Niliangalia Mama Clarisse. Alikuwa amefunika kinywa na mukono. Yeye pia hakujua. Tulijua bote mbili kwa mara moja, pale.

Kiisha enfirmie akanieleza yenye ningelipashwa kusikia mbele ya kumeza kidonge ya kwanza. Ile dawa ku ziwa inasimama pa mulango, inazuia. Lakini ku nyumba ya mutoto, mu tumbo, kwa banamuke bengine, dawa ile ile inajifanya chakula. Inalisha. Nyama inaweza kumea kule ndani, na ingine ya zile nyama inaweza kuwa kansere. Haikuyake kwa bote, akasema, ni kwa bachache, na dawa inaokoa bengi kupita. Lakini damu ni kengele, na kengele muntu hanyamazishe.

Fikiri basi. Dawa yenye niliitumainia kama mulinzi, pa mulango ya mbele inafukuza mwizi, pa mulango ya nyuma labda inamupikia. Na mutoto wangu alijua mulango ya nyuma iko wazi.

Bakanipiga picha ya tumbo, kiisha bakanilaza, bakaingia kule ndani, bakatoa kintu ya kupeleka kupima. Bakaniambia ningoje. Kungoja majibu, bamama, ni ugonjwa yake yenyewe. Unapika, unasahau moto. Muntu anakusalimia, unajibu jambo ingine.

Ngoy alikuya jioni ya siku ile tulienda na Mama Clarisse. Bibi yake alikuwa amemuambia. Alisimama mu mulango na mufuko ya kazi ku bega, muntu mwenye ndevu nyeupe imeanza, na nikamuona sawa siku alivunja chupa ya mafuta, angali mutoto mudogo.

"Munganga alikuambia nini, ile siku ya kwanza?"

"Mama, tuikale kwanza..."

"Nimeikala. Sema."

"Mama, ilikuwa... Ile neno ningeitoa mu kinywa na nini?"

"Na kinywa ile ile yenye ilinyonya hapa." Nikaweka mukono pa kifua, upande yenye iko bapa.

Akaangalia chini. "Nilifikiri labda haitakuya kwako. Nilifikiri, nikiona umekonda, nitasema."

"Na ku kontrole? Aliposema damu, weye ukasema shida?"

"Nilikuwa naona haya, Mama."

"Uliona haya, na mimi nilitoka damu."

Akalia. Sikumugusa. Nilimuambia aende kwake, na mulango nikaifunga mwenyewe.

Siku zenye zilifuata, alikuwa anatuma sabuni na sukari kupitia bibi yake. Sabuni nilipokea. Salamu sikupokea. Honorine akakuya kumutetea.

"Yaya, ile ni heshima. Weye mwenyewe ulimufundisha."

"Nilimufundisha kunyamaza juu ya mwili yangu. Sikumufundisha kunyamaza juu ya kifo yangu."

Honorine akachukua ndoo, akaenda kuchota mayi, na ndoo ilikuwa imeshajaa.

Majibu ilikuya na upepo ya mwisho wa baridi. Haikuwa kansere. Ilikuwa nyama ndogo yenye ilimea, sawa bowa moja pa muti, na ile siku ya kunilaza balikuwa bameitoa yote. Enfirmie alinishika mikono mbili. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini ku njia ya kurudia nyumbani nilikuwa nafikiri: ingeweza kuwa. Na ile "ingeweza" haikutoka mpaka leo.

Munganga akasema ile dawa basi, atanipa ya namna ingine. Hii ya pili haisimame pa mulango. Yenyewe inakata chakula mu mwili muzima, hata shamba haitoe. Na mimi namuambia kila mama mwenye atasoma: hapana dawa bila deni yake. Ya kwanza ilinichoma moto. Ya pili asubuhi vidole yangu inakatala kufungika, nakamata kikombe na mikono mbili, na magoti iko sawa kuna muchanga ndani. Mifupa inaweza kuwa nyepesi, kwa hiyo nakula samaki ndogo ya kapenta na vichwa yake, na kila asubuhi nazunguka lupango mpaka majirani banasema nimepoteza kintu. Kiisha kutembea, vidole inafunguka. Honorine aliniambia niache zote, ninywe majani. Sikuacha. Mambo yenye inauma, peleka kwa munganga, yeye njo atabadilisha. Ukiacha mwenyewe, ule mwenye njaa anapata chakula tena.

Na kintu ingine, ya maana kupita dawa. Ku chumba ya munganga, enda na mwanamuke. Binti, mukwe, jirani, hata mama wa benchi. Kama ni mutoto mwanaume tu njo iko, mbele ya kuingia mukamate mukono, umuambie: mu hiki chumba siko mama yako, niko mugonjwa, utasema yote. Umuambie mbele. Mimi sikumuambia, sababu hakuna mwenye aliniambia mimi.

Niliingia kuchukua ile dawa ya pili mu mwanzo wa mvula. Mama Clarisse alikuwa na homa, hakuweza kusimama. Enfirmie alikuwa amepelekwa ku chumba ingine. Nilifika pa mulango ya munganga peke yangu, na Ngoy alikuwa pale, ameegamia ukuta, amevaa shati ya misa. Bibi yake njo alimutuma. Tulikuwa hatujasemezana tangu jioni ile.

"Mama," akasema.

"Ingia," nikasema.

Munganga akaanza. Alisema murefu, sawa mara ya kwanza. Kalamu ikapita ku vidole, ku magoti, ku mifupa ya mugongo, kiisha ikashuka. Ngoy akakohoa. Niliangalia ukuta. Kulikuwa kalenda ya zamani, na picha ya mulima.

"Anasema vidole itauma," Ngoy akasema. "Anasema mifupa itapimwa. Anasema moto inaweza kurudia." Munganga akangoja. Nilisikia mutoto yangu anameza mate. "Anasema, Mama... anasema uke yako itakauka. Itauma, inaweza kupasuka, na kuko mafuta ya kupakaa. Na damu ikitoka mu uke, hata tone, hapana kungoja kesho."

Jasho ilikuwa inamutiririka ku masikio sawa yeye njo anameza ile dawa. Mimi nilitaka kufwa na haya. Sikufwa.

"Rudilia, Ngoy," nikasema.

Nilikuwa nimesikia yote. Akarudilia.